Siku 8 Misri na kikundi kutoka Lindi: hesabuni saa za magofuni kabla ya kuhesabu miji

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Lindi mjini. Tumejikusanya watu 12, wengi wastaafu wa Lindi, Mtama na Masasi, tunataka kwenda Misri kuona magofu ya kale. Wakala mmoja wa Dar es Salaam ametupa ratiba ya siku 8: Cairo, piramidi na makumbusho, Aleksandria, Luxor, Aswan na Abu Simbel, na siku ya 7 ni "muda huru na ununuzi" Cairo. Bei ni moja kwa yote. Kati yetu yupo dada mwenye magoti mabovu, na wanne hawaelewi Kiingereza. Tuikubali? Tuangalie nini kabla ya kulipa?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma ratiba yenu mstari kwa mstari. Msiikubali kama ilivyo, ila msiitupe pia. Maeneo yaliyomo ni mazuri. Kasoro iko kwenye mpangilio na muda.

Safari za vikundi huuzwa kwa majina. Karatasi ikitaja miji mitano, mnunuzi anaona amepata vingi. Lakini aliyefunga safari kwenda kuona magofu anachofaidi ni saa alizokaa ndani ya hekalu au kaburi, akiwa hajachoka na kuna mtu wa kumweleza. Kwa hiyo kabla hamjajadili bei, fanyeni hesabu moja: pembeni mwa kila eneo andikeni saa ya kufika langoni na saa ya kuondoka. Mkishindwa kujaza, mpeni wakala ajaze yeye. Anayeijua Misri atawarudishia karatasi kesho yake. Asiyeijua atawaambia "mtapangiwa na mwongozaji mkifika", na matokeo yake ni kupewa dakika 40 mahali panapohitaji saa tatu.

Tuijaribu hesabu hiyo kwa ratiba yenu. Siku ya 1 na ya 8 ni za ndege, zinabaki sita. Siku ya 3 ni Aleksandria: kilomita zipatazo 220 kutoka Cairo, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi kama barabara haina foleni. Mnalipia saa sita za basi kwenda kuona nini? Mnara wa taa uliohesabiwa kati ya maajabu saba ya kale uliangushwa na matetemeko ya ardhi, na pale uliposimama pana ngome ya Sultani Qaitbay ya karne ya 15. Maktaba ya kale haipo. Iliyopo ilifunguliwa mwaka 2002. Makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el-Shoqafa ni mazuri kweli, lakini kwa safari fupi kama hii Aleksandria ndiyo ya kwanza kukatwa.

Siku ya 5 ina hatari zaidi. Wameandika Bonde la Wafalme na hekalu la malkia Hatshepsut asubuhi, halafu basi kwenda Aswan kupitia mahekalu ya Edfu na Kom Ombo. Luxor hadi Aswan ni zaidi ya kilomita 200, na Edfu iko karibu katikati. Ili mfike Edfu kukiwa bado na muda wa kuangalia chochote, lazima mtoke Luxor kabla ya adhuhuri, maana yake Bonde la Wafalme linapata saa moja na nusu na Hatshepsut nusu saa. Mtaingia hotelini Aswan usiku, kisha siku ya 6 mnaamshwa saa tisa usiku kwa ajili ya Abu Simbel. Wazee wenu wakifika siku ya 7 watakuwa hoi, na siku hiyo ndiyo iliyoachwa tupu kwa ununuzi.

Mwombeni wakala aipange upya hivi. Siku ya 2: piramidi za Giza asubuhi lango linapofunguliwa, mchana Saqqara. Siku ya 3: ndege ya asubuhi kwenda Aswan, mwendo wa saa moja na nusu hivi, jioni hekalu la Philae. Siku ya 4: Abu Simbel, na alasiri yote ni kupumzika. Siku ya 5: gari kutoka Aswan kwenda Luxor, mkisimama Kom Ombo na Edfu bila haraka. Siku ya 6: ng'ambo ya magharibi ya Luxor (Bonde la Wafalme na Hatshepsut) tangu alfajiri hadi saa sita mchana, mnalala kidogo, halafu hekalu la Luxor usiku likiwa limewashwa taa. Siku ya 7: Karnak saa 12 asubuhi, mchana ndege ya kurudi Cairo. Siku ya 8: makumbusho, kama ndege yenu ya Dar inaondoka usiku. Mji mmoja umepungua, na saa zenu za kukaa magofuni zimekaribia kuongezeka maradufu.

Kuanzia kusini kuna sababu yake. Hekalu la Edfu, la mungu Horus, lilijengwa kati ya mwaka 237 na 57 KK. Kwa Misri hilo ni jengo la juzi, lakini ndilo lililobaki zima kuliko mengi, kwa sababu lilifukiwa na mchanga na takataka za karne nyingi hadi watu wakajenga nyumba juu ya paa lake. Lilifukuliwa karne ya 19 chini ya Mfaransa Auguste Mariette, mtaalamu wa mambo ya kale. Kwa kuwa paa lipo, mtu anahisi kwa mwili wake jinsi hekalu la Kimisri lilivyokusudiwa. Mnapita lango lenye minara miwili ya mita 36, mnaingia ua wenye jua kali, kisha ukumbi wa nguzo wenye mwanga hafifu, kisha ukumbi mwingine wenye giza zaidi. Waambie wenzako waangalie miguu na dari: kila mnapoingia ndani sakafu inapanda kidogo, dari inashuka, mwanga unapungua, mpaka mnafika chumba cha mwisho chenye kijumba cha jiwe moja lililosuguliwa, alimokaa mungu wao. Aliyepita Edfu kwanza, akifika Karnak ambako paa nyingi zimeanguka na majengo yamerundikana kwa miaka kama 2,000, anajua yuko sehemu gani ya hekalu. Aliyeanza na Karnak anaona msitu wa nguzo na kuchoka.

Karnak nako kuna kitu kimoja ambacho waongozaji wengi hukipita, na kwa mwalimu wa historia kina thamani kubwa. Mkishapita lango la kwanza, geukeni nyuma mtazame mgongo wa ukuta upande wa kusini wa mlango mliouingia, yaani kushoto kwenu mkishageuka. Pameegemea kilima cha matofali ya udongo. Hayo ni mabaki ya njia ya mteremko waliyotumia wajenzi kupandishia mawe. Lango hilo halikumalizika, kwa hiyo jukwaa lao halikuondolewa. Swali la "walipandishaje?" linaanza kupata jibu lake hapo. Ukumbi mkubwa wa nguzo 134 uko mbele; zile 12 za katikati zina mita kama 21, na juu yake bado kuna rangi pale ambapo jua na mvua havikufika.

Sasa Bonde la Wafalme, maana hapo ndipo vikundi vingi hupoteza hela. Limevumbuliwa makaburi zaidi ya 60, lakini yanayofunguliwa kwa siku ni machache na hubadilishwa ili kuta zipumzike. Tiketi ya kawaida inaruhusu makaburi matatu. Kaburi la mfalme Tutankhamun (namba KV62), la Ramses V na VI (KV9) na la Seti I (KV17) kila moja lina tiketi yake ya ziada, na ya Seti I ni ghali. Kinachotokea ni hiki: kikundi kinashushwa kimechelewa, mwongozaji anasema "saa moja na nusu", watu wanaingia makaburi matatu yaliyo karibu na lango kwa kufuata foleni, na wanatoka bila kujua wameingia kwa nani. Dai saa tatu. Amueni makaburi usiku uliotangulia, na ulizeni asubuhi langoni kama yako wazi.

Kwa dada yenu mwenye magoti, la Ramses IV (KV2) na la Ramses IX (KV6) ndiyo mepesi: korido pana, mteremko mdogo, na yako karibu. KV9 lina mteremko mrefu lakini wa taratibu, na dari lake, ambapo mungu wa kike Nut amenyoosha mwili kutoka upande mmoja hadi mwingine akilimeza jua na kulizaa upya, linastahili tiketi ya ziada kuliko la Tutankhamun. Najua hilo litawashangaza wengi. Kaburi la Tutankhamun ni dogo, lina michoro chumba kimoja tu, na hazina aliyoikuta Howard Carter mwaka 1922 haipo pale tena. Iliyobaki ni mumia yake, yaani maiti yake iliyokaushwa, na jeneza la jiwe. Hela yenu ikiwa ya kuhesabu, ichukueni KV9 na hazina mtaiona Cairo. La Thutmose III (KV34) msimpeleke mtu mwenye magoti: unapanda ngazi za chuma kwenye ufa wa mlima, halafu unashuka tena ndani, na kuna joto.

Mwongozaji haruhusiwi kutoa maelezo ndani ya makaburi, ili foleni isisimame na pumzi za watu zisijae. Unyevu wa pumzi na jasho huamsha chumvi iliyo ndani ya mwamba. Chumvi ikikauka inasukuma plasta, na rangi iliyokaa miaka 3,000 inabanduka. Ndiyo maana hata kuegemea ukuta kwa bega ni kosa. Kwa hiyo maelezo yote hutolewa nje kwa picha, na hapo linaingia suala la lugha.

Waongozaji wa Misri wana leseni ya serikali na wengi wanajua kazi yao sana, lakini wa Kiswahili msitegemee kumpata. Kikundi kitaongozwa kwa Kiingereza. Maelezo ya dakika 20 yakitafsiriwa sentensi kwa sentensi yanakuwa dakika 40, na wale wanaojua Kiingereza wanaanza kutawanyika kupiga picha. Njia inayofanya kazi ni kutotafsiri papo kwa papo. Wewe mwalimu, kaa na wale wanne usiku hotelini nusu saa, waeleze ya kesho kwa Kiswahili: nani alijenga, lini, tutaona nini cha kwanza. Wakifika pale wanahitaji kuonyeshwa kwa kidole tu. Mwambieni wakala pia amwarifu mwongozaji mapema, ili aongee polepole na kuacha nafasi.

Hekalu la Hatshepsut, lililo upande wa pili wa mlima huo, lina ukuta ambao mtu wa pwani yetu hapaswi kuukosa. Mkipanda mteremko wa kwanza, ukumbi wa nguzo ulio kushoto mkiwa mmeutazama mlima ndio wa safari ya Punt. Malkia huyo, aliyetawala karne ya 15 KK, alituma majahazi kusini kwa Bahari ya Shamu, na wasanii wake wakachonga walichokiona: nyumba za mviringo juu ya nguzo zenye ngazi za kupandia, miti ya ubani iliyong'olewa na mizizi yake na kuwekwa kwenye vikapu, mali ikipakiwa, na chini ya majahazi samaki waliochongwa vizuri kiasi kwamba wataalamu wametambua aina zao. Punt inawekwa na wengi upande wa Pembe ya Afrika. Vikundi vingi hupigwa picha mbele ya jengo na kurudi garini. Ombeni dakika 15 mbele ya ukuta huo, na mwende asubuhi kabla jua halijakuwa kali, maana hakuna kivuli njiani.

Turudi Giza. Kuingia ndani ya Piramidi Kuu ni tiketi tofauti, na karibu kila mara haimo kwenye bei ya kifurushi. Piramidi hiyo ya mfalme Khufu ilikuwa na urefu wa mita 146 na ushee, sasa ni kama 138 kwa kuwa ganda lake la chokaa na kilele vimeondoka. Ndani, baada ya njia ya mwanzo, mnapanda korido yenye urefu wa mita 1.2 hivi kutoka sakafuni hadi darini, mmeinama, kwa mita kama 39, huku wanaoshuka wakipishana nanyi. Kisha kunafunguka ukumbi mrefu wa mita 47 wenye dari ya juu sana, mnapanda tena, mnainama tena, mnafika chumba cha mfalme: graniti tupu, jeneza la jiwe, hakuna maandishi wala picha. Mwenye pumu, moyo, presha isiyotulia, hofu ya sehemu finyu au magoti asiingie. Kugeuza katikati ni kazi. Anayeweza, aingie, kwa sababu maungio ya mawe yale ya graniti, yaliyoletwa kwa mto kutoka Aswan, ni ya kuyashika kwa macho. Ila asitegemee kuona michoro.

Michoro iko Saqqara, ambayo wakala wenu hakuitaja kabisa. Pale kuna piramidi ya ngazi ya Djoser, ngazi sita, mita kama 62, ya karne ya 27 KK, inayohusishwa na mjenzi Imhotep. Ndiyo iliyotangulia zile za Giza. Karibu yake kuna makaburi ya maofisa, kama la Mereruka, yaliyo sawa na ardhi, hayana ngazi za kuumiza mtu. Humo kuna wavuvi wanavuta wavu uliojaa, viboko mtoni, ng'ombe wakivushwa maji, watu wakipima nafaka. Dada yenu atafaidi hapo kuliko ndani ya piramidi yoyote. Kule Giza kwenyewe kuna mabasi ya umeme yanayozungusha wageni ndani ya eneo, kwa hiyo asikubali kupandishwa ngamia kwa kuambiwa ni mbali. Anayemtaka ngamia kwa hiari yake, bei ikubaliwe kabla, kwa sauti mbele ya wenzake, pamoja na kushuka. Malalamiko mengi ya pale huanzia kwa mtu aliyelipia kupanda, akaambiwa alipie tena kushushwa.

Makumbusho Makuu ya Misri, yaliyozinduliwa rasmi Novemba 2025, yako karibu na piramidi, na mali yote ya Tutankhamun, zaidi ya vitu 5,000, imekusanywa humo. Tiketi hukatwa mtandaoni kwa saa maalumu. Wakala anayesema "tutakata pale pale" hajaenda karibuni. Mumia za wafalme hazimo humo. Zilihamishiwa mwaka 2021 kwenye Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, Fustat. Hayo ni maeneo mawili tofauti, na Cairo ina foleni. Chagueni moja.

Abu Simbel ni kilomita 280 hivi kutoka Aswan katikati ya jangwa. Magari huondoka saa kumi alfajiri, mwendo wa saa tatu na nusu, mnakaa pale saa mbili, mnarudi. Hotelini mtapewa kifungua kinywa cha boksi. Wenye sukari wabebe cha kwao zaidi. Ni safari ngumu, lakini sishauri kuikata. Sanamu nne za Ramses II, kila moja mita kama 20, hazipo mahali alipozichongesha. Bwawa Kuu la Aswan lilipojengwa, maji yangezimeza, hivyo kati ya 1964 na 1968 hekalu zima lilikatwa vipande na kuunganishwa upya mita kama 65 juu zaidi, ndani ya kilima cha kutengeneza. Philae nalo lilihamishwa kutoka kisiwa kimoja hadi kingine miaka ya 1970. Watu wa kusini mtayaelewa haya haraka: Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lilijengwa na kampuni za Misri, nguvu yake ni megawati 2,115, na la Aswan ni 2,100.

Sasa maduka. Karibu kila ratiba ya kikundi ina vituo visivyoandikwa: duka la karatasi za mafunjo, la manukato, la mawe ya alabasta. Yanaitwa "taasisi" au "kiwanda", mnapewa soda, mnaonyeshwa kazi kwa dakika kumi, halafu mnauziwa kwa dakika 50. Mwongozaji hupata kamisheni, na mara nyingi ndiyo inayofidia bei ya chini mliyolipa. Simlaumu; lakini vituo vitatu kwa siku vinakula saa zilezile mlizozihesabu. Andikeni kwenye mkataba sentensi hii: "Kikundi hakitapelekwa duka lolote bila kukubali siku hiyohiyo, na muda wa duka hautatolewa kwenye muda wa eneo la kale." Wakala akipandisha bei kidogo kwa sababu hiyo, ni haki yake, lipeni.

Bakshishi nayo haimo kwenye bei. Dereva, mwongozaji, mabaharia wa Philae, wabeba mizigo, walinzi wa chooni, wote wanaitegemea. Changeni mfuko mmoja wa kikundi siku ya kwanza, ubadilishwe kuwa noti ndogo za pauni za Misri, na mtu mmoja ndiye atoe. Kila mtu akitoa kivyake, mwingine atatoa mara nne na mwingine atakimbizwa. Mlinzi wa hekalu akikuita kando akuonyeshe "kitu cha siri", au akichukua simu yako akupige picha, jua anataka bakshishi, ukimfuata, umekubali.

Kwenye bei, ulizeni kwa maandishi kama vifuatavyo vimo: viza, ndege za ndani, viingilio vyote kwa majina, kiingilio cha Abu Simbel, tiketi za ziada za KV9 na ndani ya piramidi, boti ya Philae, vigari vya umeme, chakula cha mchana, maji. Madirisha mengi ya tiketi siku hizi yanapokea kadi ya benki tu, hayachukui taslimu. Kwa tiketi za ziada mnahitaji angalau watu wawili wenye kadi zinazofanya kazi nje ya nchi, na waziarifu benki zao kabla ya kuondoka, vinginevyo kadi inafungwa muamala wa kwanza. Shilingi yetu Cairo hawaibadilishi. Bebeni dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa. Wanafunzi wenye kitambulisho halali hupata nusu bei ya viingilio, kama kuna kijana anayewasindikiza.

Kuhusu wakala: aonyeshe leseni yake ya biashara ya utalii na usajili wa kampuni. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu. Malipo ya awali yasizidi theluthi. Mkishalipia ndege, dai namba ya uhifadhi ya kila msafiri na uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege. Jina likikosewa herufi moja na pasipoti, lirekebishwe siku hiyo. Kulirekebisha uwanjani ni gharama au ni kubaki.

Msimu wenu ni Novemba hadi Januari. Juni hadi Agosti, Luxor na Aswan hupita nyuzi 40 na wazee hawatastahimili. Desemba mchana ni nyuzi 23 au 25 na kunapendeza, lakini alfajiri jangwani kuna baridi ambayo mtu wa Lindi hajaizoea. Kila mmoja abebe sweta nzito na soksi. Hili linaendana na mifuko ya wengi wenu: hela ya ufuta ikiingia katikati ya mwaka ilipie malipo ya awali, na ya korosho imalizie. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mwezi huo maeneo hufungwa mapema, kwa hiyo kikundi kinachotaka magofu kiwahi kabla yake.

Kabla ya yote hayo, nendeni Kilwa Kisiwani kikundi kizima. Nasema hivi kama mazoezi ya kweli. Mnafika Nangurukuru, mnakunja kulia hadi Kilwa Masoko, mnachukua kibali kabla ya kupanda boti. Mkitembea kutoka ngome iitwayo Gereza hadi Msikiti Mkuu, Makutani na kisha Husuni Kubwa, na kurudi, mtakuwa mmemaliza saa tatu au nne juani. Hapo mtamjua nani anahitaji mkongojo, nani hanywi maji, nani huchelewesha wenzake, na viatu vipi vinauma. Mtajifunza pia kusoma jengo. Ndani ya Msikiti Mkuu, sehemu ya kaskazini ni kongwe, ya karne ya 11. Matao na kuba za kusini ziliongezwa baadaye mji ulipotajirika. Tafuteni mahali ukuta mpya ulipokutana na wa zamani, mkishike kile kiungo kwa macho. Kazi hiyohiyo ndiyo mtakayoifanya Karnak. Msafiri Ibn Battuta alipita Misri mwaka 1326 na kufika Kilwa 1331, kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza kuyaunganisha maeneo haya.

Pasipoti ziwe na zaidi ya miezi sita tangu siku ya kurudi. Utaratibu wa viza ulizeni moja kwa moja ubalozi wa Misri Dar es Salaam, msiutegemee mdomo wa wakala, na anzeni miezi miwili kabla. Kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ikichomwa wiki ya safari haisaidii. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi zikiwa na pakiti zake, na bebeni vipakiti vya ORS, kwa kuwa kinachowaangusha wageni Misri mara nyingi ni tumbo: kachumbari mbichi, barafu na juisi za barabarani. Koshari (wali, dengu na tambi), maharage ya ful na mkate wa moto havina shida.

La mwisho ni barabara yenu wenyewe. Lindi hadi Dar ni kilomita zipatazo 450, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo wilayani Kilwa, magari yakakwama. Ndege ya kimataifa haimsubiri aliyekwama Somanga. Ondokeni siku mbili kabla, mlale Dar usiku mmoja mzima pamoja, na usiku huohuo mkague pasipoti, kadi za chanjo na tiketi za watu wote 12 juu ya meza moja.